Uzi: Mwanaume aliyempiga mkewe ndiye anapewa wimbo mzuri kuliko wote jukwaani. Tumfanyeje?

#1 Pazia la Nyuma (mleta mada)

Wakuu, salaam. Uzi ni mrefu, mwenye haraka apite tu, tutakutana kwenye nyuzi za mpira. Na kwenye mpira ndiko naanzia.

Ule wimbo wanaouimba mashabiki wa Liverpool kabla mechi haijaanza, You'll Never Walk Alone, uliingia uwanjani kupitia Gerry and the Pacemakers, waliourekodi mwaka 1963. Wenyewe una umri mkubwa kuliko huo. Ulitungwa na Richard Rodgers na Oscar Hammerstein kwa ajili ya Carousel, tamthilia ya muziki iliyofunguliwa Broadway, yaani kumbi kubwa za maigizo za New York, Aprili 1945. Jukwaani unasikika kwa mara ya kwanza mjane akiwa bado yuko kando ya maiti ya mumewe. Mume huyo alikuwa amempiga.

Kwa wasioijua: Billy Bigelow ni mpiga debe wa bembea ya kuzunguka, ile yenye farasi wa mbao, kwenye mji mdogo wa pwani ya Maine, Marekani, mwaka 1873. Anamwoa Julie Jordan, msichana wa kiwandani. Wote wawili wanapoteza kazi, Billy ananuna, anazurura, anampiga mkewe. Julie anaposema ana mimba, Billy anakubali kushiriki wizi na jamaa anayeitwa Jigger, wizi unaharibika, anaishia na kisu chake mwenyewe mwilini. Huko juu mbinguni anaruhusiwa kurudi duniani kwa siku moja, miaka 15 baadaye, akamsaidie binti yake Louise. Anamletea nyota aliyoiiba njiani, binti anaikataa, Billy anampiga mkononi. Kisha Louise anamuuliza mama yake kama inawezekana mtu akupige kwa nguvu na usiumie kabisa. Mama anajibu kwamba inawezekana.

Hapo ndipo waongozaji wanapokuna vichwa. Onyesho la Broadway la mwaka 2018, lililoongozwa na Jack O'Brien, liliondoa mazungumzo hayo ya mama na binti. Waliofurahi ni wengi. Mimi naona walipasua mguu wa kulia wakati jipu liko kushoto.

Nisikilizeni. Maneno yale hayakuanzia kwa Hammerstein. Yanatoka kwenye Liliom, mchezo wa Ferenc Molnár ulioonyeshwa Budapest mwaka 1909, ambao ndio uliozaa Carousel. Kule mwanaume anarudi duniani, anampiga binti, anaondolewa akiwa vilevile alivyokuja, hakuna alichokirekebisha. Mama na binti wanabaki, swali linaulizwa, jibu linatolewa, mchezo umekwisha. Mtazamaji anatoka na jibu lile masikioni, na linatisha, kwa sababu amemsikia mwanamke ambaye baada ya miaka yote hiyo bado anamtetea aliyempiga, na msichana amekaa pale anajifunza.

Carousel imebeba mazungumzo yaleyale. Kilichobadilika ni kinachofuata. Yanafuata mahafali ya shule, kwaya, wimbo ule mkubwa unarudi, Billy anamnong'oneza Julie kwamba alimpenda, ukumbi mzima unapangusa macho. Maneno yake ya mwisho kwa mkewe ni hayo, kwamba alimpenda. Msamaha hauombi. Okestra ndiyo inayomwombea, na ikishaomba yenyewe inampa.

Kwa hiyo msimamo wangu ni huu: kwenye tamthilia ya muziki, anayehukumu au kusamehe ni muziki. Ukikata mistari ya mazungumzo ukaacha muziki kama ulivyo, hujamgusa mhusika. Umemsafisha tu, na sasa anasamehewa kosa ambalo hata hatulisikii vizuri.

Tazameni Billy amepewa nini. Sehemu ya kwanza inakaribia mwisho, anabaki peke yake na wimbo wa takriban dakika 7. Anamwota mtoto wa kiume, anajigamba, anamchagulia kazi. Halafu katikati anashtuka: je, akiwa wa kike? Sauti inalainika. Anaona umaskini wake mwenyewe, anaogopa, anaapa atapata fedha kwa kazi au kwa wizi au afe akizitafuta. Kama kazi ya utunzi, sijui nyingi zinazoukaribia, maana uamuzi unaomuua tunausikia ukizaliwa ndani ya wimbo. Ukitoka hapo umekaa kichwani mwake. Na kipigo? Hukukiona. Kilitokea nje ya jukwaa, Julie anamsimulia rafiki yake Carrie. Yaani kosa tumeambiwa kwa sentensi, utetezi tumeusikia kwa okestra nzima.

Julie naye? Sehemu ya pili ana wimbo wake, mtamu, unaosema hakuna faida kujiuliza kama mwanaume wako ni mwema au mbaya, ni wako na unampenda, basi. Kisha mume anafariki, na mtu ungetegemea sasa mwanamke huyu afungue kinywa. Anajaribu kuyaanza maneno ya ule wimbo wa Liverpool, kilio kinamkaba, binamu yake Nettie anauchukua na kuuimba. Kama tendo la jukwaani ni sahihi kabisa, aliyefiwa sauti yake hukauka. Lakini piga hesabu ya usiku mzima, nani kapewa dakika ngapi za kueleza nafsi yake.

Na kuna mahali kule juu msimamizi wa mbinguni, Mtunza Nyota, anamuuliza Billy kwa nini alimpiga. Jibu lake kwa ufupi: walikuwa wakibishana, Julie ndiye anakuwa sahihi, basi akampiga. Hakuna ukweli mkubwa kuliko huo kwenye kazi nzima, na haukupewa noti hata moja.

Ningekuwa mwongozaji nisingefuta kitu. Swali la Louise lingebaki, jibu la Julie lingebaki, na baada yake okestra ingenyamaza kwa muda mrefu kuliko watu wanavyoweza kuvumilia. Mahafali yangeanza hivyo, bila ala. Wekeni mchango wenu.

#2 Kiti cha Mbele

Nimesoma yote mkuu. Swali langu dogo: kwa nini tusiiache tu ipumzike? Ni kazi ya 1945. Waandike mpya.

#3 Mshika Nota

Kiti cha Mbele, ukiiacha hiyo utaacha na nyingine ngapi? Mwaka 1940 ilipofunguliwa Pal Joey, ambayo shujaa wake ni tapeli wa wanawake, mhakiki wa New York Times, Brooks Atkinson, aliuliza kama maji matamu yanaweza kutekwa kwenye kisima kichafu. Iliporudi mwaka 1952 aliisifia mwenyewe. Swali hili ni la zamani.

Ila mleta mada nakupinga kwenye shina la hoja. Umesema muziki unasamehe. Si lazima. Chukua Sweeney Todd ya Stephen Sondheim, Broadway, Machi 1979, iliyoongozwa na Hal Prince. Kinyozi anakata watu koo, majirani wanauziwa mikate ya nyama ya binadamu. Kwenye vijarida vya bei nafuu vya London miaka ya 1840 kinyozi huyu alikuwa mwenye tamaa ya mali tu. Mwaka 1973 Christopher Bond alimwandikia mchezo wenye sababu: hakimu alimtamani mkewe, akamsingizia kosa, akampeleka Australia miaka 15. Sondheim akauchukua huo. Kwa hiyo sababu ipo, huruma ipo, na nyimbo nzuri amepewa tele.

Sasa sikiliza sehemu ya pili, anapomwimbia binti yake Johanna. Tuni ni laini mno, ya baba anayemkumbuka mtoto. Na huku anaimba, mikono inachinja wateja mmoja baada ya mwingine, bila hasira, sauti haitetemeki. Urembo wa wimbo ndio unaokuogopesha. Ukimsikia baba mwenye upendo unamsikia papo hapo mtu ambaye binadamu mwenzake hana uzito tena kwake. Muziki pale unashtaki, na unashtaki kwa kuwa mzuri.

Pia kabla ya hapo, akishaapa kuua kila mtu kwenye wimbo wa kutisha kweli, Bi. Lovett, muuza mikate, anamletea wazo la kutumia nyama ya watu na wote wawili wanaingia kwenye vichekesho vya mwendo wa waltz. Ukumbi unacheka. Dakika tatu nyuma walikuwa wameganda kwa hofu, sasa wanacheka ladha ya padri na ya mwanasheria. Tumeshaingizwa kwenye genge. Mwisho kwaya inasimama na kutunyooshea vidole, kwamba akina Sweeney wako miongoni mwetu. Kwa hiyo tatizo la Carousel ni kwamba muziki wake una upande mmoja tu. Usiutwishe muziki wote mzigo huo.

#4 Fundi wa Taa

Naongezea kitu cha nyuma ya jukwaa ambacho watazamaji hawakioni.

Wimbo ukimalizika kwa pigo moja kali la okestra na taa zikabadilika palepale, watu watapiga makofi. Hata wasiopenda. Mwili umeshazoea. Mwigizaji akimaliza wimbo wake wa kuua kwa mtindo huo, ukumbi unashangilia mauaji na hakuna aliyekusudia. Ukitaka wasishangilie, acha sauti ya mwisho ining'inie, au ingiza sentensi ya mazungumzo kabla haijafika, na taa usiziguse. Utasikia watu wanakohoa, wanajisogeza vitini, hawajui wafanye nini. Hapo ndipo wanaanza kufikiri.

Mfano wa kazi iliyofanywa bila kubomoa maandishi: Oklahoma! ya watunzi haohao, 1943, kama ilivyoongozwa na Daniel Fish na kufika Broadway mwaka 2019. Kwenye toleo la asili Jud, hasimu wa shujaa Curly, anapigana naye na kuangukia kisu chake mwenyewe. Angalieni, kisu tena. Wale wazee walipenda kisu kimalize kazi ili mikono ya shujaa ibaki safi. Fish akabadilisha tendo: Jud anamkabidhi Curly bastola, Curly anampiga risasi, damu inaruka kwenye nguo nyeupe za harusi. Inafuata ile kesi ya chapuchapu ya kumwachia huru, maneno karibu yote ni ya 1943, halafu ule wimbo wa furaha wa kufungia unaimbwa na maharusi wenye damu. Wimbo haukubadilishwa maneno. Ulipewa Tony, tuzo kubwa ya Broadway, ya onyesho bora la kurudiwa, namaanisha onyesho zima.

#5 Pazia la Nyuma (mleta mada)

Fundi wa Taa, mfano wako unaniunga mkono hata kama hukupanga. Hakukata, alibadilisha kazi ya wimbo.

Mshika Nota, Sweeney nakupa nusu. Nusu nyingine ninayo, na ni hii: mauaji ni rahisi kuyashughulikia jukwaani kuliko kofi. Kinyozi anayeuza nyama ya watu ni hadithi ya kutisha tangu anaingia. Hakuna anayekaa kitini akisema mume wangu yuko hivyo. Billy ni tofauti. Shirika la Afya Duniani lilikadiria mwaka 2021 kwamba karibu mwanamke 1 kati ya 3 duniani amewahi kufanyiwa ukatili wa kimwili au wa kingono, na mara nyingi anayefanya ni mwenzi wake. Fikiria ukumbi wenye watu 1,000. Wapo. Na wapo waliowapiga. Ukiwaimbia hao kwamba kipigo cha mpenzi hakiumi, umewaambia jambo la nyumbani kwao.

Ndiyo maana The Phantom of the Opera imeweza kukaa Broadway kuanzia Januari 1988 hadi Aprili 2023, maonyesho 13,981, na watu wakiendelea kutamani mwimbaji Christine ambakie yule mwenye kinyago. Huyo mwenye kinyago ameua. Mfanyakazi wa nyuma ya jukwaa, Buquet, maiti yake inaangushwa katikati ya densi. Nani kamwimbia Buquet? Hana wimbo wa kumlilia, kwa hiyo hana uzito, kwa hiyo mapenzi yanaendelea. Fundi wa Taa, hii inakuhusu wewe na wenzako, samahani.

#6 Fundi wa Taa

Imeniuma, lakini ni kweli 😂

#7 Kinubi

Nimewasoma kaka zangu kuanzia juu. Niseme la upande mwingine kidogo.

Mnamwonea Julie huruma kwa namna inayonitia wasiwasi. Mnataka aimbe, sawa. Lakini mnataka aimbe nini? Nahisi mnataka wimbo wa hasira, asimame katikati ya jukwaa amwambie Billy ukweli, ukumbi usimame, kila mtu arudi nyumbani ametulia. Huyo si Julie. Huyo ni kipeperushi kilichovaa gauni.

Chukueni Oliver! ya Lionel Bart, London, 1960. Bill Sikes, mwizi, anampiga mpenzi wake Nancy, na muda si mrefu Nancy anaimba kwamba maadamu mwanaume yule anamhitaji, hatamwacha. Shirley Bassey aliurekodi mwaka uleule na ukavuma. Ukiusikia redioni peke yake ni wimbo wa mapenzi ya uaminifu. Ukiusikia mahali pake, baada ya kofi, na unajua Sikes atamuua, ni ushahidi. Mwanamke anajieleza mwenyewe jinsi alivyonaswa, kwa maneno anayodhani ni ya fahari. Sitaki mtu aje amrekebishe Nancy. Wanawake wanaosema hivyo wapo na hawasemi kwa ujinga. Wengine wanasema kwa sababu hiyo ndiyo njia pekee iliyobaki ya kuishi na walichochagua.

Wimbo wa Julie wa sehemu ya pili ni wa aina hiyo. Siombi ufutwe wala ugeuzwe. Naomba mwigizaji asiuimbe kwa tabasamu la bibi harusi. Na aimbe akijua anayemsikiliza ni nani, maana wakati ule wanawake wote wa pale wanajua mumewe ni wa namna gani. Anaimba kuwajibu. Anaimba kujitetea kwa kumchagua. Imba hivyo uone kama mtu atausahau.

Kazi nyepesi ni jambo jingine. Kiss Me, Kate ya 1948 ilikuwa na mwanaume anamlaza mwanamke na kumchapa matakoni, watu wanacheka. Broadway 2019, Kelli O'Hara akiwa mhusika mkuu, Amanda Green akayagusa maandishi na kipigo kikawa cha pande mbili. Imefaa, kwa sababu kile kilikuwa kichekesho na kichekesho kikichacha hakichekeshi. Carousel si kichekesho.

#8 Mshika Nota

Dada Kinubi umefunga mjadala upande wa Julie. Nakazia tu: muziki wa wimbo ule unamruhusu kabisa. Mwendo si wa haraka, mwimbaji ana nafasi ya kusita kabla ya maneno anayotaka yaumize. Hakuna haja ya kugusa nota.

#9 Kiti cha Mbele

Na Joshua Henry, aliyecheza Billy? Kuna waliolalamika 2018 kwamba kumweka mwanaume mweusi acheze mpiga mke, Julie akiwa mweupe, kunaleta tafsiri ambayo watunzi hawakuiweka.

#10 Pazia la Nyuma (mleta mada)

Lilisemwa, na ni la kuzingatiwa. Lakini alivyouimba wimbo wa dakika 7 ni sababu ya kutosha ya kumpa nafasi. Anayechagua waigizaji akumbuke tu kwamba mtazamaji huja na macho yake, na onyesho likijifanya halijui, mtazamaji atajaza mwenyewe.

Kinubi, dada, nakubaliana na sehemu kubwa, hasa kwamba Julie asigeuzwe kuwa mhubiri. Ila umenipeleka mahali ambapo sikuwa nimekaa vizuri: Louise. Tumemjadili baba, tumemjadili mama, na aliyepigwa mbele ya macho yetu ni huyu mtoto. Louise haimbi peke yake hata mara moja. Amepewa densi. Mwaka 1945 aliitunga Agnes de Mille, mwaka 2018 akaitunga upya Justin Peck na kupata Tony. Msichana wa miaka 15 anacheza peke yake ufukweni, watoto wa watu wenye heshima zao wanamtenga, anavutwa na kijana anayefanana na baba yake alivyokuwa.

Kijana anayefanana na baba. Watunzi walijua walichokuwa wakifanya! Densi ile inakuja kabla ya kofi la mkononi na kabla ya swali kwa mama. Kwa hiyo anapouliza kama kipigo kinaweza kukosa kuuma, haulizi tu kuhusu yule mgeni aliyetoweka. Anauliza kuhusu maisha yanayomsubiri. Ukikata swali, densi nayo inabaki pambo.

Ningemwambia mtunzi wa densi aweke tendo moja la mkono pale kwa kijana, dogo tu, kumshika kifundo cha mkono kwa nguvu kidogo kupita inavyofaa. Kisha Billy ampige Louise mkono huohuo, mahali palepale. Julie anapojibu kwamba inawezekana usiumie, Louise awe ameushika.

#11 Fundi wa Taa

Nimeipenda. Lakini densi ile ikiisha kwa pigo la okestra watapiga makofi, na tendo lako la mkono litazama humo humo.

#12 Pazia la Nyuma (mleta mada)

Basi pigo hilo tunaliomba ruhusa liondoke. Ndilo kitu pekee ninachokubali kukata.

#13 Mshika Nota

Wenye haki za kazi ile watakukatalia hata hilo 😂 Waombe wakuruhusu kulipunguza sauti, anzia hapo.